Kudhibiti Vumbi katika Maabara ya Meno: Mwongozo kwa Mafundi, Wasaidizi na Waajiri wa Nairobi

Jioni, kazi inapokwisha katika maabara nyingi za meno jijini Nairobi, yaani karakana zinazotengeneza meno bandia, fundi huchukua bomba la kompresa na kuipuliza meza yake mpaka iwe safi, kisha hujipuliza koti, mikono na nywele, akaaga na kuondoka. Mimi pia nilifundishwa hivyo nilipoanza kazi hii, na nilifanya hivyo kwa miaka kadhaa nikiamini kwamba nafanya usafi. Kwa kweli nilikuwa nikilirudisha hewani vumbi la mchana kutwa, hasa lile jepesi kuliko yote, na kumwachia msaidizi aliyekuja nyuma yangu na ufagio. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya fundi, msaidizi na mwajiri wao. Unafuata mpangilio mmoja ninaoushikilia kwa nguvu: vumbi lizuiwe lisitokee, likitokea livutwe pale pale linapotokea, na barakoa ije mwisho. Katika maabara nyingi nilizozijua mpangilio huo umepinduliwa. Barakoa ndiyo ya kwanza, tena ile nyembamba ya upasuaji, na baada yake hakuna kingine.

Kulielewa vumbi lenyewe

Vumbi unaloliona limetanda juu ya meza si lile la kuhofiwa zaidi. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, na mtu huzitoa kwa kupiga chafya au kukohoa. Chembe zenye upana wa chini ya mikromita 4 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), ambazo jicho haliwezi kuziona moja moja, ndizo zinazofika mpaka kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho kabisa wa mapafu, na zikifika huko mwili hauna njia rahisi ya kuzitoa. Chembe hizo huweza kuelea katika chumba kilichotulia kwa saa nyingi baada ya mashine kuzimwa, kwa hiyo mtu anayeingia kupiga deki usiku huvuta vumbi la kazi iliyofanywa na wengine mchana.

Katika maabara yetu adui mkubwa ni silika ya fuwele, madini yale yaliyo katika mchanga, ambayo hupatikana katika unga wa kutengenezea kalibu za kusubia metali na, kwa viwango tofauti, katika poseleni na katika baadhi ya vifaa vya kusugulia. Chembe za silika zikikaa ndani ya mapafu hufanya makovu yanayoendelea kukaza hata baada ya mtu kuacha kazi, na ugonjwa huo, unaoitwa silikosisi, hauna dawa ya kuuponya. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, lakini vumbi likiwa jingi sana huweza kuja mapema zaidi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1997. Na kwetu sisi Kenya, ambako kifua kikuu bado ni ugonjwa wa kawaida, kuna jambo la kuongeza: mapafu yenye silika hushindwa kupambana na kifua kikuu, hivyo fundi aliyevuta vumbi hilo kwa miaka mingi yuko katika hatari kubwa zaidi ya kukipata.

Kiwango kinachokubalika ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Nchini Marekani, tangu kanuni mpya zilizotolewa mwaka 2016, mfanyakazi hapaswi kuvuta hewa yenye zaidi ya mikrogramu 50 za silika ya fuwele katika kila mita moja ya ujazo, kwa wastani wa saa 8 za kazi. Chukua chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5, ambacho ni chumba cha kawaida cha maabara katika ghorofa za katikati ya jiji. Ujazo wake ni mita za ujazo 30, kwa hiyo miligramu moja na nusu tu ya vumbi hilo, uzito wa punje mbili tatu za sukari, ikitawanyika hewani inatosha kukifikisha chumba chote kwenye kikomo.

Wala si jambo la kufikirika. Mwaka 2004 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilichapisha taarifa ya mafundi tisa wa maabara za meno katika majimbo matano waliogunduliwa kuwa na silikosisi kati ya mwaka 1994 na 2000. Mwaka 2018 taasisi hiyo hiyo ilieleza kwamba miongoni mwa wagonjwa 894 wa makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo, waliotibiwa katika kituo kimoja cha jimbo la Virginia, wanane walikuwa madaktari wa meno na mmoja fundi wa meno, na saba kati ya hao tisa walikuwa wamekwisha kufariki. Taarifa hiyo ya pili haikuthibitisha kwamba kazi ndiyo iliyowaua, lakini inatosha kumfanya mtu mwangalifu asisubiri uthibitisho.

Hatua ya kwanza: fuata kazi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na uandike

Kabla ya kununua kifaa chochote, chukua daftari na kazi moja iliyoletwa, kwa mfano meno bandia yenye kiunzi cha metali, uifuate kutoka chapa ya kinywa inapopokelewa mpaka kazi inapofungwa kwenye mfuko. Kila mahali ambapo unga unamiminwa, kitu kinakatwa, kinavunjwa, kinapulizwa au kinasagwa, andika ni vumbi la nini, nani yuko karibu, kwa muda gani, na hewa inaelekea wapi.

Ukifanya hivyo kwa uaminifu utagundua kwamba mahali pa hatari si pale ulipopadhania. Plasta ya modeli, ambayo hukiacha chumba kizima kikiwa cheupe na kuwakera wageni, kwa sehemu kubwa ni salfeti ya kalsiamu. Huwasha macho na koo na haifai kuvutwa, ila si hiyo inayojaza mapafu makovu. Kinyume chake, kuvunja kalibu baada ya kusubu metali, kazi ya dakika chache ambayo mara nyingi hufanywa kwa nyundo kwenye veranda au karibu na sinki, hurusha vumbi lenye kwazi na kristobaliti, ambazo ni silika za fuwele. Baada yake fundi hukipeleka kiunzi kwenye mashine ya kupulizia mchanga ili kuondoa mabaki, na hapo kuna mtego ambao wengi hawaujui. Hata kama mashine inatumia chembe safi za alumina, vumbi linalotoka humo lina silika, kwa sababu kinachong'olewa ni mabaki ya kalibu yenyewe.

Kisha kuna metali. Viunzi vingi hutengenezwa kwa aloi ya kobalti na kromu, na mataji (vifuniko vya jino) ya bei nafuu kwa aloi ya nikeli na kromu. Vumbi la kobalti hudhuru mapafu, na nikeli huleta mzio wa ngozi na wa njia ya hewa. Lakini swali la kwanza la kuuliza kuhusu aloi ya nikeli ni kama ina beriliamu, metali nyepesi yenye sumu. Zipo aloi zilizotengenezwa zikiwa na beriliamu ya hadi asilimia 2 ya uzito, kwa sababu huifanya metali iliyoyeyuka itiririke vizuri kwenye kalibu, na vumbi lake linaposagwa huweza kuamsha ugonjwa sugu wa mapafu kwa mtu ambaye mwili wake umeikataa, wakati mwingine miaka mingi baada ya kuacha kuishika.

Vumbi la akriliki, ambalo ndilo kazi ya kila siku ya maabara nyingi ndogo, huonekana kuwa la upole. Hata hivyo ni jingi, hubeba mabaki ya kemikali ya plastiki hiyo, na fundi huinamia juu yake pua ikiwa karibu kabisa na ncha ya kusagia.

Daftari likishajaa, fanya jaribio moja ambalo halina gharama. Subiri usiku uingie, funga mapazia, zima taa, mwache mwenzako asage kipande cha akriliki kama anavyosaga siku zote, nawe simama pembeni ukimulika tochi yenye mwanga mkali na mwembamba kupita juu ya mikono yake, huku ukitazama kuelekea upande wa mwanga bila kuukazia macho. Utaliona wingu ambalo mchana halionekani, na utaona linavyopanda moja kwa moja usoni. Nimewahi kuwaonyesha mafundi wazoefu jambo hili, na sijamwona aliyerudi kwenye meza yake siku ya pili akiwa na mazoea yale yale.

Hatua ya pili: ondoa au badilisha kile kinachoweza kubadilishwa

Anza na aloi. Mwombe muuzaji karatasi ya taarifa za usalama ya kila aloi anayokuuzia, na utafute alama ya Be, yaani beriliamu, katika orodha ya viambato. Kiwango cha kimataifa cha ISO 22674 hakiruhusu aloi ya meno kuwa na zaidi ya asilimia 0.02 ya beriliamu, hivyo aloi isiyo nayo inapatikana na hakuna sababu ya kitaalamu ya kuendelea kutumia nyingine. Muuzaji asiyeweza kukupa karatasi hiyo, au anayekuuzia vipande visivyo na kifurushi wala jina la mtengenezaji, mwache hata kama bei yake inavutia. Vipande vya zamani vilivyobaki kwenye makopo na ambavyo hakuna anayejua vilitoka wapi visisagwe.

Mchanga wa mtoni au wa aina yoyote wenye silika usitumiwe kamwe kwenye mashine ya kupulizia; weka alumina au shanga za kioo. Kwa alginati, unga wa kuchukulia chapa ya kinywa, chagua ile iliyofunikwa kwa glaikoli isirushe vumbi, maana unga wa alginati wa kawaida huwa na kiasi kikubwa cha udongo wa diatomu, ambao nao ni silika. Kama bado una kopo la aina ya zamani, usilifungue mara tu baada ya kulitikisa kama ilivyo desturi. Liache dakika mbili unga utulie, kisha lifungue mbali na uso wako. Unga wa kalibu nunua uliopimwa katika vifuko vya kazi moja badala ya gunia la kuchota kwa kikombe. Utalipa zaidi kidogo kwa kila kazi, lakini utaepuka kuchota, kupima na kumwaga, ambazo ni nyakati tatu za vumbi. Na kama katika kabati lako kuna utepe wa zamani wa kuzungushia ndani ya pete za kusubia, ule uliotengenezwa kwa asbesto, usiukate wala kuutupa kwenye pipa la kawaida. Ufunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, uuandike jina, na uombe maelekezo ya Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira.

Hatua ya tatu: tumia maji

Maji ni kinga ya bei rahisi kuliko zote, na katika jiji ambalo mifereji hukauka siku kadhaa kwa wiki inafaa maabara iwe na tangi lake kwa ajili ya kazi hii, si kwa chai na choo tu. Baada ya kusubu, iache kalibu ipoe, kisha itumbukize katika ndoo ya maji mpaka ilowane hadi ndani, na uivunje ikiwa bado ndani ya maji au ikiwa inachuruzika. Kalibu iliyolowa huvunjika kama udongo wa mfinyanzi na haitoi moshi ule mweupe unaojulikana. Asiye na subira ya kungoja ipoe ndiye anayeivunja kavu, kwa hiyo panga ratiba ya kusubu iwe alasiri na kuvunja iwe asubuhi, nawe utakuwa umeondoa kishawishi chenyewe.

Mashine ya kuchongea modeli ifunguliwe maji kabla ya kuwashwa. Zirkonia, ile kauri ngumu ya mataji, ikiwa imekwisha kuchomwa isagwe kwa ncha inayotiririkiwa na maji, nayo isiyochomwa ikatwe ndani ya mashine iliyofungwa yenye kifyonzi chake. Unga wa pumisi wa kung'arishia uwe na unyevu wakati wote, ubadilishwe kila siku, na meno bandia yaliyotoka kinywani mwa mgonjwa yasafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kufika kwenye gurudumu, kwa sababu matone yanayoruka hapo hubeba zaidi ya pumisi.

Tope linalobaki kwenye ndoo lisiachwe likauke. Likikauka linakuwa vumbi lile lile ulilokuwa ukilikimbia, tena laini zaidi. Limwage katika chombo cha kunasia mashapo, likusanye likiwa bichi, na ulifunge.

Hatua ya nne: vuta vumbi pale linapotokea

Hapa ndipo fedha ya maabara inapostahili kutumika, na hapa ndipo hutumika vibaya. Feni ya ukutani inayotoa hewa nje humsaidia mtu aliyekaa mbali na kumdhuru aliyekaa mezani, kwa sababu vumbi hupita usoni pake likielekea kwenye feni. Dirisha nalo halitegemeki: katika baridi ya Julai hakuna anayekubali kulifungua, na katika ukavu wa Januari na Februari huingiza vumbi la barabarani. Kinachohitajika ni kifyonzi cha mezani chenye mdomo ulio mbele ya mikono ya fundi.

Umbali ndio siri ya kifyonzi. Mdomo wa bomba la mviringo lenye upana wa sentimita 10 huvuta kwa nguvu pale kwenye mdomo wenyewe, lakini ukisogea sentimita 10 tu mbele yake kasi ya hewa hushuka mpaka karibu sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana fundi mwenye kifyonzi cha bei ghali kilichofungwa ukutani, nusu mita kutoka mkononi, huvuta vumbi sawa na asiyekuwa nacho. Sogeza mdomo mpaka kazi iwe ndani yake au ikaribie kuugusa, weka ukingo mpana kuuzunguka ili usivute hewa ya nyuma bure, na uuzingire kwa kisanduku cha kioo cha plastiki kilicho wazi upande wa mikono tu. Visanduku vya namna hiyo havihitaji kuagizwa ng'ambo. Fundi wa mabati wa Kamukunji anaweza kukuundia fremu kwa vipimo vyako, na kioo cha plastiki hukatwa katika maduka mengi ya mjini. Fundi huyo umpe mchoro ulio na vipimo, pamoja na kipande cha bomba lako ili aone kama vinashikana.

Ili kujua kama mfumo unafanya kazi, washa kijiti cha udi na ukishike pale ncha ya kusagia inapokaa. Moshi wote unapaswa kuelekea kwenye mdomo bila kuyumba. Ukipanda usoni, au ukizunguka na kurudi, mfumo haufai hata kama mngurumo wake ni mkubwa. Rudia jaribio hilo kila Jumatatu asubuhi na uandike matokeo. Moshi ukianza kulegea, mara nyingi mfuko umejaa au kichungi kimeziba.

Hewa inayotoka kwenye kifyonzi lazima ipite katika kichungi cha HEPA, kinachonasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3, kama inarudi chumbani. Kama inatolewa nje, angalia inakotokea. Katika majengo yetu yaliyobanana, bomba lililotolewa kwenye ngazi au kwenye kishimo cha hewa cha katikati ya jengo humpelekea jirani wa ghorofa ya juu kile ulichokikataa wewe. Mifuko ibadilishwe ikiwa imefungwa mdomo, na anayeibadilisha avae barakoa ya kazi hiyo iliyotajwa katika hatua ya sita.

Mashine ya kupulizia mchanga nayo ikaguliwe mipira ya mlango na glavu zake, maana mpasuko mdogo hutoa vumbi jingi chini ya shinikizo. Baada ya kumaliza, acha kifyonzi chake kiendelee kwa dakika moja kabla ya kufungua mlango. Na stima ikipotea kifyonzi kikazimika, kazi ya kusaga isimame. Kuna wanaoendelea kwa mashine ndogo za betri ili wasichelewe kumpa daktari kazi yake. Daktari aelezwe kwamba kazi itachelewa.

Hatua ya tano: safisha bila kupuliza na bila kufagia

Bomba la kompresa lisitumike kusafisha meza, sakafu, nguo wala mwili. Ufagio mkavu nao uondoke maabara. Meza zipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu, sakafu ipigwe deki, na mahali pasipofikika pafyonzwe kwa kifyonza vumbi chenye kichungi cha HEPA. Kifyonza vumbi cha nyumbani hunasa uchafu mkubwa na kuutapika ule mwembamba kwa nyuma, hivyo kinadhuru kuliko kinavyosaidia.

Nataka kusema neno kuhusu msaidizi wa usafi. Mara nyingi ni kijana au mama aliyeajiriwa kwa kibarua, hajaelezwa chochote kuhusu silika, hana barakoa, na jina lake halimo katika orodha ya wafanyakazi wanaopimwa afya. Yeye ndiye anayemwaga mifuko ya vumbi na kukwangua sinki. Mwajiri anayewafundisha mafundi na kumsahau huyu hajamaliza kazi yake. Wanafunzi walioletwa kwa mafunzo ya vitendo ni hivyo hivyo, kwani kwa desturi ndio wanaopewa kuvunja kalibu.

Hatua ya sita: barakoa, na namna ya kuivaa

Barakoa ya upasuaji imetengenezwa kumkinga mgonjwa dhidi ya mate ya daktari. Haikukusudiwa kuchuja vumbi la silika, na hewa huingia kwa kando bila kupita kwenye kitambaa. Kwa kazi ya vumbi tumia barakoa ya kiwango cha N95, inayonasa angalau asilimia 95 ya chembe za majaribio, au FFP2, ambayo ni angalau asilimia 94. Kwa kupulizia mchanga na kubadilisha mifuko, chagua FFP3 au barakoa ya mpira ya nusu uso yenye vichungi vya P100. Hiyo ya mpira hugharimu zaidi siku ya kununua, lakini huoshwa na kutumika kwa miaka, na kwa fundi wa kila siku naiona kuwa bora. Tafuta barakoa yenye mikanda miwili inayozunguka kichwa, mmoja juu ya masikio na mwingine chini; zile za kuning'inia masikioni hazibani vya kutosha.

Ivae mbele ya kioo. Kidevu kiingie ndani, mkanda wa juu ukae utosini, wa chini shingoni, kisha ubane chuma cha puani kwa vidole vya mikono yote miwili. Ifunike kwa viganja, pumua nje kwa nguvu, na usikilize: hewa ikitoka karibu na macho au mashavuni, rekebisha na ujaribu tena. Ndevu, hata za siku mbili, huinua ukingo wa barakoa, kwa hiyo fundi anayesaga anapaswa kunyoa mahali ukingo unapogusa. Kwa anayevaa hijabu, ukingo wa barakoa lazima uguse ngozi yenyewe, na kitambaa kisiwe kati yake na uso. Wasambazaji wa vifaa vya usalama hufanya kipimo cha kuonja dawa chungu au tamu inayopulizwa ndani ya kofia maalumu. Ukiisikia ladha yake ukiwa umevaa barakoa, barakoa hiyo si ya uso wako. Omba kipimo hicho kabla ya kununua kwa wingi, kwa sababu nyuso za watu wa maabara moja hazifanani.

Barakoa iliyolowa, iliyopinda au inayofanya kupumua kuwe kugumu itupwe. Isitundikwe kwenye msumari juu ya meza mchana kutwa, kwani itajaa vumbi upande wa ndani. Iweke katika bahasha ya kaki yenye jina lako. Ukumbuke pia kwamba barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa kimiminika cha akriliki. Kwa mvuke huo unahitaji hewa inayovutwa kutoka mezani, au kichungi cha mkaa.

Hatua ya saba: nguo, chakula na nyumbani

Koti la maabara libaki maabara. Fundi anayepanda matatu akiwa amelivaa hulipeleka vumbi la kobalti na silika mpaka kwenye mto wa mtoto wake. Lifuliwe peke yake, lilowekwe kabla ya kusuguliwa. Chai na mandazi visiletwe mezani, na mikono na uso vioshwe kabla ya kula.

Katika chumba cha daktari wa meno

Daktari na msaidizi wake hawako salama kwa kuwa tu maabara iko jengo jingine. Kurekebisha meno bandia kando ya kiti cha mgonjwa, kusaga taji la poseleni lisilokaa sawa, na kukata viunzi vya metali ni kazi za vumbi, na hufanywa bila kifyonzi kwa sababu ni za dakika mbili. Dakika mbili hizo zikijirudia mara kumi kwa siku si jambo dogo. Kazi ya nje ya kinywa ifanywe ndani ya kisanduku chenye kifyonzi. Ya ndani ya kinywa ifanywe kwa maji na kwa bomba pana la kufyonza likishikwa na msaidizi karibu kabisa na jino, na palipowezekana kwa shuka la mpira linalotenga jino na koo.

Hatua ya nane: pima afya, tunza kumbukumbu, dai haki

Kila anayeingia kazini apimwe kabla ya kuanza, kwa picha ya eksirei ya kifua na kipimo cha nguvu ya kupumua, ili pawepo na msingi wa kulinganisha miaka ijayo. Vipimo virudiwe kwa vipindi atakavyopanga daktari wa afya ya kazini. Dalili za mwanzo ni ndogo sana: kuchoka kwenye ngazi ambazo mwaka jana ulizipanda ukizungumza, au kikohozi kikavu kisichoisha. Ukienda hospitali na kikohozi cha namna hiyo, mweleze daktari kazi yako kwa maneno kamili, kwamba unasaga metali na kuvunja kalibu zenye silika, na umwombe aandike hivyo kwenye faili. Ukisema tu kwamba unafanya kazi ya meno atadhani unakaa katika chumba safi. Ukubali kupimwa makohozi kwa kifua kikuu, lakini kipimo kikionyesha hakuna na kikohozi kikaendelea, usiridhike na dawa za kikohozi. Omba uchunguzi wa mapafu. Na anayevuta sigara aelewe kwamba moshi na vumbi huyaharibu mapafu yale yale.

Sheria iko upande wa mfanyakazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi palipo na vumbi lenye madhara aweke vifaa vya kulivuta karibu iwezekanavyo na chanzo chake, na atoe mavazi na vifaa vya kujikinga vinavyofaa. Mahali pa kazi panapaswa kusajiliwa na Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, na palipo na wafanyakazi 20 au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama na afya. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, inahusu pia magonjwa yatokanayo na kazi. Ukiambiwa na daktari kwamba ugonjwa wako unatokana na vumbi, mwarifu mwajiri kwa maandishi mara moja, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, na usikawie kuwasilisha madai, maana yana muda wake.

Maabara nyingi za Nairobi ni ndogo, huhama jengo, hubadilisha wenye mali au hufungwa, na makaratasi yake hupotea, ilhali ugonjwa wa vumbi huja baada ya miaka mingi. Kwa hiyo weka nyumbani daftari lako mwenyewe: uliajiriwa lini na uliacha lini, ulifanya kazi zipi, aloi na unga wa kalibu wa aina gani ulivitumia, kifyonzi kilikuwepo au hakikuwepo. Ndani yake bandika nakala ya kila picha ya kifua na kila kipimo cha pumzi.